Mishahara midogo haitoshi kuishinda Vietnam

Kila msimu wa korosho ukikaribia naletewa maandiko ya mradi wa kiwanda cha kubangua, mara Mtwara, mara Lindi, na karibu yote yana sentensi ileile: "Nguvukazi yetu ni rahisi, hivyo tutashindana kimataifa." Nimechoka kuifuta.

Dhana: Nchi yenye mishahara midogo inauza kwa bei nafuu, kwa hiyo inashinda.

Kama ingekuwa hivyo, korosho ghafi ya Newala isingepakiwa melini ikabanguliwe Vietnam. Mishahara ya huko inaizidi yetu kwa mbali, na bado tangu miaka ya 2000 Vietnam ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho iliyobanguliwa, ilhali ghafi yake nyingi inaagizwa Afrika na Kambodia.

Tazama mazingira ya kiwanda chenyewe. Minada yetu huanza Oktoba na kwa kawaida Januari mambo yanaelekea kwisha. Mbanguaji wa hapa akitaka kazi ya mwaka mzima, lazima anunue mzigo wote ndani ya miezi hiyo na auhifadhi. Tuseme anahitaji tani 2,000, kwa shilingi 3,000 kilo. Hizo ni bilioni 6 kabla hajawasha boila. Benki ikimtoza riba ya asilimia 15, hata akirejesha mkopo kadiri mzigo unavyopungua ghalani, riba peke yake inakaribia milioni 450 kwa mwaka. Hapo hata ukibana mishahara vipi, hufiki. Mwenzake wa Vietnam anakopa kwa riba iliyo chini ya asilimia 10, ananunua kwetu mwishoni mwa mwaka, kisha anahamia Ivory Coast msimu wao ukianza Februari. Fedha ileile inazunguka zaidi ya mara moja.

Mashine yake ikigoma, aliyeiunda yupo hukohuko nchini. Wa Mtwara anasubiri kipuri kije kwa meli kutoka kwa fundi huyohuyo. Na mashine isiporekebishwa vizuri inavunja viini: korosho nyeupe nzima ya daraja la W320 inageuka vipande, na bei inaporomoka hapohapo.

Halafu kuna kanuni zinazobadilika msimu ukiwa katikati. Novemba 2018 Serikali iliwaweka pembeni wanunuzi binafsi, ikanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Utasaini vipi mkataba wa miezi sita na mnunuzi wa Ulaya, kama hujui ghafi itauzwa na nani?

Ushauri wangu ni uleule: tafuta kwanza ghala na mtaji wa kununulia, mashine iwe ya mwisho. Viwanda vikubwa vya kubangua tulijenga tangu miaka ya 1970, kwa mikopo ya nje, na vingi vilikaa bure miaka na miaka.

Dhana: Shilingi ikishuka, mauzo ya nje yatapaa.

Kwa asiyeagiza kitu, labda. Vipuri, dizeli na mifuko ya kufungashia vinafuata bei ya dola. Nafuu ipo, ila ni ndogo.

Dhana: Tukipanda kwenye orodha ya Benki ya Dunia, tumeshinda.

Ripoti ile ya wepesi wa kufanya biashara ilifutwa Septemba 2021, baada ya kubainika dosari katika takwimu zake. Toleo la mwisho, la 2020, liliiweka Rwanda nafasi ya 38, Kenya 56, Tanzania 141. Kusajili kampuni kwa haraka ni jambo jema, lakini hakukupi umeme wala mtaji. Andiko linalojengwa juu ya nafasi hizo leo namrudishia mwenyewe.

Dhana: Zuia ghafi isitoke, viwanda vitakuja vyenyewe.

Ushuru wa kusafirisha ghafi nje tunao kwa miaka mingi, na ghafi bado inaondoka. Ukikataza kabla uwezo wa kubangua haujakuwepo, wanunuzi wanapungua mnadani, bei inashuka na mkulima wa Tandahimba ndiye anayeumia. Anayedai katazo aniambie kwanza ni viwanda gani vitapokea tani hizo msimu huu, na kwa mtaji wa nani.