Shahidi wa saba

Wanafunzi wangu wa falsafa ya maarifa huja darasani wakiwa wameshasikia kwamba David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilimaliza suala la miujiza mwaka 1748. Hoja yake ni fupi. Mwenye busara huamini kwa kadiri ya ushahidi alionao. Muujiza huvunja kanuni za maumbile, na kanuni hizo zimejengwa juu ya uzoefu wa watu wote. Basi ushuhuda hautoshi kuuthibitisha, ila pale ambapo uongo wa ushuhuda huo ungekuwa muujiza mkubwa zaidi.

Kipimo hicho nakikubali. Nisichokubali ni kukisoma kana kwamba hakifikiki kamwe.

Mwaka 1767 Richard Price, mwanafalsafa na mchungaji, alimjibu kwa mfano wa bahati nasibu. Tuseme gazeti limetangaza namba iliyoshinda kati ya namba milioni moja. Namba hiyo ilikuwa na nafasi moja tu katika milioni, na magazeti hukosea mara nyingi kuliko hivyo. Hata hivyo tunaliamini, wala hatufanyi kosa. Ni jibu zuri, ila lina tundu. Gazeti likikosea, kosa lingeweza kuangukia namba yoyote kati ya zile nyingine. Anayezua habari ya maiti kufufuka hakuiokota kwa bahati. Ameichagua kwa sababu inashangaza. Hume alisisitiza kwamba binadamu hupenda maajabu, na hapa naona amemzidi Price.

Charles Babbage, mwanahisabati, alileta hesabu mwaka 1837. Nitatumia tarakimu zangu. Chukua tukio lenye nafasi moja katika trilioni, na mashahidi ambao kila mmoja husema kweli mara 99 katika 100. Wakishuhudia sita, mizani kati ya tukio kuwa kweli na wote sita kukosea inakaribia kulingana. Akija wa saba, inaelemea upande wa tukio kwa zaidi ya 90 kwa moja. Watu saba tu! Lakini hesabu nzima imesimama juu ya sharti moja: mashahidi wasitegemeane. Saba waliosimuliwa na mtu mmoja ni shahidi mmoja mwenye midomo saba. Kwangu mimi, mjadala wote uko kwenye sharti hili, na ndipo simulizi nyingi za miujiza hukwama.

Sharti hilo hutimizwa, japo kwa nadra. Wanavijiji wa Ulaya walisema kwa muda mrefu kwamba mawe huanguka kutoka angani, na wataalamu wengi wakawapuuza. Aprili 1803 mawe yalinyesha L'Aigle, Ufaransa. Jean-Baptiste Biot, mwanafizikia, alikwenda, akawahoji watu wa sehemu na kazi mbalimbali, akalinganisha maneno yao na mawe yaliyokuwa ardhini. Kimondo si muujiza, najua. Lakini kabla ya hapo, wataalamu walipotaja “uzoefu wa watu wote”, wanavijiji hao hawakuhesabiwa.