Muvi ya mkesha wa mabadiliko ni muvi gani?

Tumezoea muvi yenye steringi, anapigwa mwanzoni, anashinda mwishoni, na hafi. Sasa kuna aina nyingine, watu kumi hadi ishirini wote wana uzito unaokaribiana, kamera inamfuata huyu inamwacha inadaka yule, na ukiuliza steringi nani hupati jibu maana kinachofuatiliwa ni jamii yenyewe. Muvi kama hiyo ukiiweka muda mfupi kabla ya vita, au kabla tabaka fulani halijaporomoka, ndo inakuwa muvi ya mkesha wa mabadiliko. Wahusika wanagombania mapenzi, hela na nani akae wapi mezani, we mtazamaji unajua kinachokuja, wao hawana habari. (Titanic haimo, ile ina steringi wake wawili kabisa, umati ni wa kuzama tu.)

Chukua La Règle du jeu ya mwongozaji Jean Renoir, Ufaransa 1939, na Gosford Park ya mwongozaji Robert Altman, iliyotoka 2001 ila stori yake iko Uingereza, Novemba 1932. Kwa juu zinafanana sana, matajiri wanakutana kwenye jumba la shamba kuwinda, watumishi nao wana mambo yao, na mtu anauawa.

Ila Renoir alikuwa ndani ya mkesha wenyewe. Muvi ilitoka Julai 1939, Septemba Ufaransa ikaingia vitani. Ile sehemu ya kuwinda, sungura na ndege wanaangushwa mmoja baada ya mwingine mpaka unaanza kujisikia vibaya, na baadae rubani ambaye nchi nzima ilimshangilia anapigwa risasi kwa kufananishwa na mtu mwingine, mwenye nyumba anawatangazia wageni kwamba ni ajali, basi wanarudi ndani. Watazamaji Paris waliizomea, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaipiga marufuku. Si ajabu, waliokuwa wanasemwa ndo hao hao waliokaa kwenye viti.

Altman hana wa kumzomea, yeye anaangalia nyuma karibu miaka 70 na anajua kilichotokea, kwa hiyo mabadiliko anayaficha kwenye vitu vidogo. Watumishi wa wageni kule chini, upande wa watumishi, hawaitwi majina yao, wanaitwa kwa majina ya mabosi. Mwenye nyumba anauawa, inspekta anakuja na haoni haja ya kuwahoji watumishi, wakati anayekuja kuufumbua ukweli ni Mary, binti wa kazi aliyekuja na bibi mmoja mgeni. Halafu kuna sehemu naipenda kuliko zote: Ivor Novello, staa wa sinema wa kweli wa enzi zile, anapiga piano na kuimba, matajiri wengi sebuleni wamechoka hata hawamsikilizi vizuri, na watumishi wamejibanza gizani nyuma ya milango na kwenye ngazi wanasikiliza, wengine wanacheza. Hakuna anayesema zama zinageuka na hakuna haja ya kusema.

Mi naona ya Renoir inauma zaidi, ile ya Altman inakuachia nafasi ya kucheka kwa raha. Kama hujaona hata moja anza na Gosford Park, ila washa maandishi ya chini, maana watu wanaongea kwa pamoja na majina ni mengi utapotea.