Umepunguzwa tumbo India: lini upande ndege kurudi nyumbani?

Wagonjwa wengi kutoka Kenya na Tanzania hutibiwa India, na wapo wanaofuata upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani kupunguza tumbo la chakula ili wapungue uzito. Maswali yafuatayo ni ya wanaojiandaa kurudi, na ya ndugu wanaowasubiri.

Mama alipasuliwa Jumatatu na anatembea vizuri. Asirudi wikiendi hii?

Asirudi, tafadhali. Upasuaji wa matundu madogo huacha vidonda vidogo kwa nje, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Ndani kuna mshono mrefu wa pini, na ukivuja huwa zaidi ni katika wiki za mwanzo. Ukivuja angani, hakuna wa kumsaidia. Kwa safari ndefu, madaktari wengi hutaka mgonjwa asubiri wiki mbili au zaidi. Aliyempasua ndiye wa kutoa ruhusa, baada ya kumwona tena. Kateni tiketi inayoruhusu kubadili tarehe. Faini ya shirika la ndege ni nafuu kuliko kulazwa tena.

Hatari inayoogopewa zaidi ni ipi?

Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kisha bonge likapanda hadi mapafuni. Hilo huua. Unene wenyewe huongeza hatari hiyo, upasuaji huongeza, na kukaa zaidi ya saa nne huongeza tena. Mumbai hadi Nairobi ni kama saa sita. Kwa hiyo omba siti ya upande wa njia, inuka utembee kila saa, na ukiwa umekaa kunja na kukunjua vifundo vya miguu. Muulize daktari kuhusu soksi za kubana na sindano za kuzuia damu kuganda. Ukiandikiwa sindano, usiache kuchoma siku ya safari, na zibebe mkononi pamoja na barua ya daktari.

Mbona tumbo hujaa gesi angani?

Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya bahari, yaani Nairobi au juu zaidi. Gesi iliyo tumboni huongezeka ukubwa kwa hadi karibu theluthi. Vaa nguo isiyobana, na usiguse soda.

Nile na ninywe nini?

Chakula cha ndege kiache kipite kama bado uko kwenye vyakula vya majimaji. Beba unga wako wa protini. Maji kunywa funda dogo dogo tangu uwanjani, usingoje kiu, kwa sababu hewa ya ndege ni kavu mno. Juisi tamu iepuke: kwa waliounganishiwa utumbo (aina ya upasuaji huu ambapo kipande kidogo cha tumbo huunganishwa na utumbo), sukari ikiingia haraka kwenye utumbo huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuhara. Kichwa kikiuma, usipokee diklofenaki wala ibuprofeni kwa jirani wa siti. Zinaweza kuchimba vidonda kwenye mshono.

Na mizigo?

Usinyanyue sanduku. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Mashirika mengi hayakitozi. Mkanda wa siti ufunge chini kwenye nyonga, usipite juu ya vidonda.

Nikishafika, niogope nini?

Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukatika, homa, moyo kwenda mbio ukiwa umetulia, au maumivu ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, ukiwa na ripoti ya upasuaji. Mlangoni tu sema umepunguzwa tumbo na umetoka safari ndefu ya ndege.