Seli za Kinga Zinazodumu Maabara: Soma Kabla ya Kusaini Fomu

Tangu kampeni ya kuomba damu kwa utafiti wa kinga ianze, tunaulizwa swali lilelile: "Seli zangu zikirefushiwa uhai, nami nitaishi zaidi?" Hapana. Zilizo kwenye chupa hubaki kwenye chupa. Na vidonge vinavyouzwa kwa jina la telomerasi (kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni) havihusiani na kazi yetu, ingawa tumeshalisema hili mara nyingi.

Seli za kawaida za binadamu zina ukomo wa kugawanyika. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walilionyesha hilo mwaka 1961. Kila zikigawanyika, telomea, yaani ncha hizo za kromosomu, hufupika. Seli T, aina moja ya seli nyeupe za kinga, zilikuwa zikifa mapema maabara hadi 1976, ilipogunduliwa protini ya kuzikuza, ambayo leo tunaiita interlukini-2. Sasa tunaziamsha kwa kingamwili zinazoshika CD3 na CD28, protini mbili za juu ya seli hizo, kisha tunazilisha interlukini-2. Bado huchoka, na nyingi hupoteza CD28 yenyewe. Kuziongezea jeni ya telomerasi huziwezesha kugawanyika kwa muda mrefu zaidi. Seli B, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, ni habari nyingine: virusi vya Epstein-Barr huzifanya zigawanyike bila kikomo, ndiyo maana ridhaa ya kuzigeuza hivyo huombwa peke yake.

Fomu ina visanduku viwili. Cha kwanza ni cha kuhifadhi sampuli. Cha pili ni cha kuigeuza kuwa ukoo wa kudumu wa seli. Usipotia alama cha pili, jibu tunalolisoma ni hapana, hata ukitueleza kwa mdomo. Sampuli hupewa namba, na orodha ya majina hufungiwa kwingine. Ukijiondoa, andika barua; mabaki yatateketezwa mbele ya watumishi wawili, wote wakisaini daftari. Matokeo yaliyokwisha kuchapishwa hayafutwi.

Mtafiti akiingiza jeni bila kibali cha kamati ya usalama wa kibayolojia, kazi husimamishwa siku hiyo, seli huteketezwa, na faili huenda kamati ya maadili. Matokeo kuwa mazuri si utetezi.

Wanaodai tunatengeneza saratani wajue kwamba telomerasi peke yake haitoshi kuifanya seli kuwa ya saratani. Hata hivyo hatuiachi bila ulinzi: kromosomu hukaguliwa, na seli T zikianza kukua bila interlukini-2 chupa hiyo haitumiki tena.