Si sumaku, ni umeme tuli
Fundi simu mmoja pale Makoroboi, Mwanza, aliniambia kitambaa chake kinavuta vumbi kwa sababu "kina sumaku". Hapana, ni umeme tuli: chaji za umeme zinazobaki juu ya kitu kikisuguliwa. Sumaku ingeshika chuma na kuiacha karatasi. Sugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, ulisogeze karibu na vipande vya karatasi: vinaruka na kuganda! Karatasi haikuchajiwa; chaji zake zimesogea kidogo tu ndani yake, zilizo kinyume na za chanuo zikaegemea upande wake, nazo ndizo zinazovutwa. Baadhi ya mikono ya roboti hushika nguo na vioo vivyo hivyo, kwa maelfu ya volti lakini mkondo wa umeme mdogo mno. Ila hewa ya ziwani ikijaa unyevu, chaji huvuja haraka na vumbi halishikiki.