Umeombwa damu ya utafiti hospitalini? Maswali na majibu kutoka Moshi

Ukilazwa KCMC au Mawenzi, hospitali zetu kubwa za hapa Moshi, huenda siku moja mtu mwenye koti jeupe na karatasi mkononi akafika kitandani kwako na kukuomba ushiriki utafiti. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini na pia ni chuo, na kwenye eneo hilohilo ipo Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro, KCRI. Kwa hiyo kuombwa si jambo la ajabu. La ajabu ni mtu kutia saini bila kuuliza chochote, au kukataa kwa sababu ya neno alilosikia kwenye foleni ya dawa. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara nyingi na wagonjwa na ndugu wanaowauguza.

Dada, nimekuja na homa. Mbona natolewa damu ya daktari, halafu tena ya utafiti?

Kwa sababu ni kazi mbili tofauti. Damu ya daktari inatafuta jibu lako wewe, leo, ili upewe dawa. Damu ya utafiti inatafuta jibu la swali linalowahusu watu wengi: homa za huku kwetu zinasababishwa na nini, dawa hii ina nguvu kuliko ile, kipimo kipya kinasema kweli? Mara nyingine jibu hilo linakusaidia hata wewe. Mara nyingi halikusaidii, au linakuja umeshapona na kurudi Kibosho. Mtafiti mkweli atakuambia hivyo mapema. Akikuahidi kwamba utafiti ndio tiba yako, muulize mara ya pili, na ikibidi mwite daktari wako wa wodi asikilize.

Utafiti wenyewe umetusaidia nini sisi wa huku?

Hapa nitachukua muda, maana watu wa Kilimanjaro na Arusha wanastahili kuijua habari hii.

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa KCMC na Mawenzi kwa sababu ya homa. Wagonjwa 528 kati yao, yaani 6 katika kila 10, madaktari waliwaandikia malaria. Damu ilipochunguzwa kwa makini maabara, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na wanne tu.

Waliobaki waliugua nini? Wengine walikuwa na bakteria ndani ya damu. Wengine walikuwa na fangasi kwenye damu, hasa watu wazima ambao kinga yao imeshushwa na VVU. Na miongoni mwa wale waliopimwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, takriban mmoja kati ya wanne alikutwa nayo: leptospira, ambayo baada ya mlipuko wa Lindi mwaka 2022 Watanzania wengi waliijua kwa jina la homa ya mgunda, homa zinazoenezwa na kupe, homa ya Q, ambayo ni ya bakteria wa mifugo, na brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba.

Fikiria maana yake. Mama mwenye ng'ombe wawili zizini na panya kwenye ghala la mahindi anaugua homa wiki nzima, anapewa dawa ya malaria, haponi, anarudi, anapewa nyingine. Homa ya mgunda na homa za kupe zinatibika kwa dawa za kawaida za bakteria ambazo hata vituo vya afya vinazo. Brusela inataka dawa mbili kwa pamoja na kwa muda mrefu, mara nyingi wiki 6. Dawa ya malaria haigusi hata mmoja wa wadudu hao. Bila watu 870 kukubali kutolewa damu, tungeendelea kumtibu mama huyo malaria asiyokuwa nayo.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Homa ikikushika, usinunue dawa mseto dukani kabla ya kupimwa. Na kipimo cha malaria kikionyesha huna, usiondoke kwa furaha ukaishia hapo; mwambie daktari kama unafuga, kama mnyama wako ametupa mimba, kama unachinja, kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa, kama umeng'atwa na kupe au umefanya kazi kwenye majaruba yenye panya. Madaktari wengi hawaulizi. Sema mwenyewe.

Nilishapona. Kwa nini walinipigia simu baada ya mwezi wakitaka damu tena? Nilihisi kuna kitu wananificha.

Hili linawatia watu wasiwasi sana, na sababu yake ni ya maabara tu. Magonjwa kama homa ya mgunda ni vigumu kuyaona kwa kipimo cha siku moja. Mwili ukivamiwa hutengeneza kingamwili, yaani askari wake wa kupambana na mdudu huyo, lakini huchukua siku kadhaa hadi wiki. Siku ya kulazwa kingamwili zinaweza kuwa chache mno, au zikawepo ambazo ni za ugonjwa wa miaka iliyopita. Damu moja haiwezi kutofautisha.

Ndiyo maana huchukuliwa damu ya kwanza ukiwa mgonjwa na ya pili baada ya wiki 4 hadi 6. Zote mbili hupimwa pamoja. Kingamwili zikiwa zimepanda mara nne au zaidi, hapo mtaalamu anaweza kusema kwa uhakika kwamba ile homa ilisababishwa na mdudu huyu. Usiporudi, damu yako ya kwanza inapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Nauli ya siku hiyo inapaswa kurudishwa na utafiti. Iulizie kabla ya kupanda gari.

Huku mtaani wanasema ni mumiani, damu inauzwa.

Hofu hiyo ni ya zamani katika pwani na bara yetu, na simcheki mtu anayekuwa nayo. Damu ni uhai, na wanaokuja kuichukua mara nyingi ni wageni, hawaelezi, wana haraka. Jibu la hofu ni maelezo.

Tuanze na kiasi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Anayechangia damu benki ya damu hutoa kama mililita 450 na kurudi kazini kwake. Kichupa kimoja cha maabara huwa na mililita 2 hadi 5, yaani hakizidi kijiko cha chai. Kipimo kinachohitaji damu nyingi kidogo ni cha kuotesha, ambapo mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kwa kuwa bakteria kwenye damu huwa wachache na lazima wawekwe kwenye chakula chao, kwenye joto, kwa siku kama 5 hadi waonekane. Kwa watoto kiasi hupimwa kwa uzito wao na hakiruhusiwi kuzidi. Kiasi hicho lazima kiandikwe kwenye fomu. Kama hakijaandikwa, usitie saini.

Lakini kweli sampuli zinapelekwa nje ya nchi?

Nyingine, ndiyo, na ni haki yako kujua. Katika ule utafiti wa homa, baadhi ya vipimo vilifanyika kwenye maabara za CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hukohuko Marekani, kwa kuwa ndiko vilikokuwepo. Kusafirisha sampuli kunahitaji kibali na mkataba unaosema zinakwenda wapi, kupimwa nini, na zikibaki zifanywe nini. Fomu yako inapaswa kuwa na sehemu ya kukubali au kukataa damu yako kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye. Unaweza kukubali utafiti wa leo na kukataa hilo la pili. Maoni yangu ni kwamba kipimo kinachoweza kufanyika Moshi kifanyike Moshi, mikononi mwa vijana wetu wa maabara, na mtafiti aulizwe hivyo bila aibu.

Mwanangu ameombwa kwa majaribio ya chanjo. Si nitakuwa nimemtoa sadaka?

Hapana, mama, lakini hili linahitaji utulivu kuliko yote, kwa kuwa hapa mtoto hapimwi tu, anapewa kitu. Kabla ya chanjo kufika kwa watoto wengi, hujaribiwa kwanza kwa watu wazima wachache kuangalia usalama, kisha kwa kundi kubwa zaidi, kisha kwa maelfu.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S. Hatua yake ya tatu ilianza mwaka 2009 ikaisha 2014, kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika; kwetu ilikuwa Bagamoyo na Korogwe, pale mabasi ya Moshi yanapopita kwenda Dar. Kura ilipigwa na kompyuta: wengine walipata chanjo ya malaria, wengine chanjo nyingine. Hawakuchomwa maji. Wakubwa wa miezi 5 hadi 17 walipewa ya kichaa cha mbwa na wachanga walipewa ya uti wa mgongo, ili nao wapate faida. Mzazi hakujua mwanawe yuko kundi gani, wala anayempima hakujua, kwa sababu anayejua huona anachotaka kuona. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Muulize mtafiti: kundi la pili linapewa nini? Mtoto akiugua usiku nampigia nani? Gharama ya matibabu ni ya nani? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, rudi nyumbani na mwanao.

Nani anawachunga hao watafiti?

Kamati ya maadili ya chuo au hospitali, kisha ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Dawa au chanjo ikijaribiwa, TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, nayo lazima iruhusu. Namba ya kibali na simu ya katibu wa kamati viko kwenye fomu. Hiyo simu ni yako: si ya mtafiti, ni ya kumlalamikia mtafiti.

Nikikataa, sitahudumiwa vibaya wodini? Na baba yangu hajui kusoma.

Kukataa hakupunguzi tiba yako hata kidogo. Najua ni vigumu kumwambia daktari hapana ukiwa umelala kitandani kwake. Ndiyo maana una haki ya kuomba muda, kumpigia mumeo au dada yako, na kujibu kesho. Mzee asiyesoma asomewe fomu yote kwa Kiswahili, au kwa Kichaga au Kimaasai kama ndiyo anayoielewa, mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, ndipo aweke dole gumba. Nakala moja abaki nayo.

Majibu yangu nitapewa?

Yale yanayohusu tiba yako, kama bakteria kuota kwenye damu, lazima yamfikie daktari wako haraka. Yale yanayopimwa kwa mkupuo baada ya miezi mingi huenda usiyapate. Uliza kabla. Na taarifa zako zihifadhiwe kwa namba, si kwa jina.

Nilikubali wiki iliyopita. Sasa sitaki tena.

Piga simu iliyo kwenye fomu, sema unajitoa. Hulazimiki kutoa sababu. Ukitaka sampuli iliyobaki iharibiwe, sema hivyo siku hiyohiyo, kwa kuwa ikishapimwa na jina kuondolewa hawataweza kujua ipi ni yako. Kama ni majaribio ya dawa, usiache vidonge ghafla. Nenda kliniki wakuambie namna ya kuviacha salama.