Pango la Noeli la Meksiko: angalia limetengenezwa kwa kitu gani

Wenyewe huliita nacimiento, na kila eneo hulitengeneza kwa kilichopo: mabua ya ngano yaliyosukwa Tzintzuntzan, shaba iliyofuliwa Santa Clara del Cobre, mti wa kopali San Martín Tilcajete.

Anayeanza namshauri aanze na maganda ya mahindi, totomoxtle. Chagua ya ndani, laini na meupe. Ya nje ni magumu, yanafaa kofia za wachungaji. Yaloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika tano hadi kumi. Finyanga kipande kiwe donge la kichwa, lifunike kwa ganda laini kuliko yote, funga shingo kwa uzi. Mikono ni ukanda uliosokotwa, unapita chini ya shingo. Ujanja uko kwenye sketi ya Maria: panga maganda manne au matano yakielekea juu mpaka yafunike kichwa, funga kiunoni, kisha yakunje yashuke. Fundo linabaki ndani. Kaza uzi kweli kweli, maana ganda hunywea likikauka, na fundo legelege litamwacha Yosefu kichwa kikining'inia. Anika kivulini, jua kali hulipinda ganda, na ukilifungia likiwa bichi litaota ukungu.

Udongo mweusi wa San Bartolo Coyotepec ni kazi nyingine kabisa. Wengi hudhani umepakwa rangi. Haujapakwa. Sanamu ikikaribia kukauka husuguliwa kwa jiwe gumu la kwatzi, kisha huchomwa katika tanuri lililozibwa. Madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo yakikosa hewa huwa meusi. Moto ukizidi, mng'ao unapotea na unapata kijivu. Aliyeieneza mbinu hii ni mfinyanzi Doña Rosa Real, miaka ya 1950. Mtungi wa kijivu wa zamani uliweza kuhifadhi mezcal, pombe kali ya mmea wa agave. Huu unaong'aa huvuja. Kwa sanamu, si neno.

Mjini Oaxaca huchonga hata figili, kwa shindano la 23 Desemba lililoanza 1897. Hunyunyiziwa maji mara kwa mara, na bado hunyauka upesi, wakati desturi ni kuacha pango hadi 2 Februari.

Kopali hudumu, ila hubunguliwa. Ukikuta unga mwembamba chini ya punda wako wa kopali, mfunge kwenye mfuko wa plastiki na umweke kwenye friza wiki mbili. Akitoka, usifungue mfuko mpaka baridi iishe, vinginevyo atatoa jasho na rangi itabanduka.